Mvumo na Neno: Historia Fupi ya Uhusiano wa Sauti na Majengo

0. Utangulizi

Historia ya usanifu majengo imeandikwa kwa kawaida kama historia ya vitu vinavyoonekana: nguzo, matao, kuba, madirisha na mapambo ya kuta. Lakini majengo makubwa ya mikutano, yaani kumbi za michezo, makanisa, misikiti, mabaraza na vyumba vya mihadhara, hayakujengwa ili yatazamwe tu. Yalijengwa ili watu wengi wamsikie mmoja, au ili wasikizane wao kwa wao. Jengo ambalo ndani yake watu hawasikizani halijatimiza kazi yake, hata likiwa zuri namna gani.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba kila jengo huchagua sehemu ya usemi itakayofika sikioni na sehemu itakayopotea njiani, na kwamba wasemaji, waimbaji na wajenzi wameujibu uchaguzi huo kwa njia zinazoweza kufuatwa katika historia. Hoja hiyo inawahusu wanaisimu kama inavyowahusu wajenzi, kwa kuwa kinachopotea ukutani mara nyingi ni silabi moja tu, na pamoja na silabi hiyo hupotea maana.

1. Maneno mawili: mwangwi na mvumo

Kiswahili kina maneno yanayoweza kuongoza uchunguzi huu. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imejitenga na ile iliyotolewa: mtu huita mbele ya jabali, hunyamaza, kisha huisikia sauti yake mara ya pili. Kitenzi kuvuma huleta picha nyingine. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma; ni sauti inayoendelea bila mipaka dhahiri. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana pia neno uvumi, yaani habari inayozunguka pasipo kujulikana ilianzia wapi. Hapa neno mvumo linatumika kwa sauti inayobaki chumbani baada ya msemaji kufunga kinywa, wakati marejeo mengi kutoka kuta, dari na sakafu yamechanganyika hata hayatambulikani moja moja.

Sababu yake si ngumu kueleza. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Ikirudi kutoka ukutani kabla ya sehemu ya ishirini ya sekunde kupita, sikio huiunganisha na ile ya kwanza, na usemi huongezeka nguvu. Ikichelewa zaidi ya hapo, yaani ikiwa imepita njia iliyo ndefu kuliko ile ya moja kwa moja kwa mita 17 au zaidi, huanza kuyavuruga maneno yanayofuata. Kwa hiyo ukuta ulio karibu ni msaidizi wa msemaji, na ukuta ulio mbali ni mshindani wake.

Mshindani huyo hazidhuru sauti zote sawasawa. Irabu zina nguvu na hudumu. Konsonanti nyingi, hasa p, t, k, f na s, ni fupi na dhaifu. Katika chumba chenye mvumo mrefu irabu iliyotangulia huendelea kulia na kuifunika konsonanti inayofuata. Msikilizaji hupata wimbo wa sentensi lakini hukosa maneno yake. Mtu akitangaza mbele ya mkutano kwamba wafanyakazi watalipwa, na ile w ndogo ikamezwa na kuta, walioketi nyuma watasikia kwamba wafanyakazi watalipa. Tofauti ya habari hizo mbili haihitaji kuelezwa.

2. Ukumbi usio na paa

Wayunani wa kale walilitatua tatizo hilo kwa kutojenga paa. Ukumbi wa Epidauros, uliojengwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, uliweza kupokea watu 14,000 hivi. Viti vyake vya mawe vimepangwa kwa nusu duara juu ya mteremko wa kilima, kila safu ikiwa juu kuliko ile iliyo mbele yake, ili sauti ya mchezaji isizuiwe na vichwa wala mabega. Sauti inayokwenda juu hupotea angani, hairudi kuyachafua maneno.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, Nico Declercq na Cindy Dekeyser, walionyesha kwamba safu za viti vyenyewe hufanya kazi kama chujio: huzipunguza sauti nene, kama zile za upepo na za minong'ono ya umati, na kuziacha sauti nyembamba zipite. Hizo nyembamba ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya konsonanti. Hata hivyo haifai kutia chumvi. Watafiti wa Uholanzi waliopima upya kumbi za namna hiyo walitangaza mwaka 2017 kwamba masimulizi ya viongozi wa watalii, ya kuwa sarafu ikianguka au mtu akinong'ona jukwaani husikika vizuri safu ya mwisho, hayathibitiki. Kinachosikika huko nyuma ni sauti ya msemaji aliyeipaza. Ukumbi ulimsaidia fundi wa kusema. Haukuchukua nafasi yake.

Mwandishi wa kwanza ambaye maelezo yake marefu juu ya jambo hili yamehifadhiwa ni Mrumi Vitruvius, aliyeishi katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha tano cha maandishi yake juu ya ujenzi anafananisha sauti na mawimbi ya mviringo yanayotokea jiwe linapotupwa majini, ila anaongeza kwamba sauti huenea pia kwenda juu. Anashauri vyombo vya shaba viwekwe ndani ya vidaka kati ya viti, vikiwa vimepimwa ili viitikie sauti fulani. Kisha anagawa mahali pa kusikilizia katika aina nne, na hapo ndipo anapomhusu mwanaisimu: anasema kwamba kuna mahali ambapo sauti huzunguka na kufifia bila miisho ya maneno kusikika, na kuna mahali ambapo miisho hiyo husikika mara mbili.

Malalamiko hayo ni ya mtu aliyesema Kilatini. Katika lugha hiyo dhima ya nomino huonyeshwa mwishoni mwa neno: servus ni mtumwa anayetenda, servum ni mtumwa anayetendwa. Jengo linalomeza silabi ya mwisho linamfanya msikilizaji asijue nani amempiga nani. Kiswahili kimejengwa kinyume chake. Ngeli, nafsi, wakati na ukanushi huonyeshwa kwa viambishi vya mwanzo, navyo kwa kawaida havibebi mkazo, kwa kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini Kiswahili kina kinga moja, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi kama «Vitabu vile viwili vimepotea», kiambishi cha ngeli kinarudi mara nne. Ukuta ukimeza kimoja, vingine vinamfikia msikilizaji. Kinga hiyo haifiki kila mahali. Kauli ya kutendwa, kama ilivyoonekana katika mfano wa watalipwa, na ukanushi wa nafsi ya kwanza, kama katika sitakuja, hutegemea sauti moja isiyorudiwa.

3. Chini ya kuba: kurefusha irabu

Paa la mawe lilipowekwa juu ya mkutano, hali ilibadilika. Kanisa la Hagia Sophia lilijengwa mjini Konstantinopoli kati ya miaka 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justiniano, wasanifu wake wakiwa Anthemios wa Tralles na Isidoros wa Mileto. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi na kilele chake kimepanda mita 55 hivi juu ya sakafu ya marumaru. Upimaji wa siku hizi umeonyesha kwamba mvumo ndani yake, likiwa tupu, huchukua sekunde 10 hivi. Mtu anayesema kwa kasi ya silabi 5 kwa sekunde atakuwa na silabi 50 zinazoelea hewani kwa wakati mmoja. Hotuba ya kawaida haiwezi kuishi humo.

Waimbaji hawakupigana na mvumo huo. Waliutumia. Walipunguza mwendo, wakarefusha irabu, wakaacha silabi moja ibebe noti nyingi. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, wakitumia rekodi za baluni zilizopasuliwa ndani ya jengo hilo lilipokuwa jumba la makumbusho, walifanikiwa kuurudisha mvumo wake kwa kompyuta, na mwaka 2019 kwaya ya Cappella Romana ilitoa santuri ya nyimbo za kale zilizoimbwa ndani ya mvumo huo wa kuigwa. Aliyezisikiliza atatambua kwamba polepole ile, inayochosha katika chumba kidogo, ndiyo inayoufanya wimbo ueleweke chini ya kuba.

Jambo kama hilo lilitokea Paris. Ujenzi wa kanisa kuu la Notre-Dame ulianza mwaka 1163, na katika miongo iliyofuata watunzi wanaojulikana kwa majina ya Léonin na Pérotin waliandika muziki wa sauti kadhaa ambamo sauti ya chini hushika irabu moja kwa muda mrefu huku nyingine zikizunguka juu yake. Maneno karibu yapotee, lakini waumini wa kawaida hawakuyangojea, maana yalikuwa ya Kilatini na wengi wao hawakukijua. Jengo na lugha ngeni vilielewana. Kanisa hilo lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, watafiti walikuwa tayari na vipimo vya mvumo wake vilivyochukuliwa kabla ya moto, navyo viliingia katika kazi ya utafiti iliyofuatana na ukarabati hadi lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Hivyo sauti ya jengo imeanza kuhesabiwa miongoni mwa urithi unaostahili kuhifadhiwa, pamoja na mawe na vioo vyake.

4. Mihrabu na ngoma: kurudia

Uislamu ulikuwa na haja nyingine. Hotuba ya Ijumaa ni maneno ya kuelewa, na kisomo cha Kurani kinataka kila herufi itamkwe kwa haki yake. Tena imamu, anapoongoza sala, huelekea kibla na kuwapa waumini mgongo. Mihrabu, kidaka kilichopinda ndani ya ukuta wa kibla, kina kazi ya kwanza ya kuonyesha upande wa Makka. Lakini kwa umbo lake huipokea sauti ya imamu na kuirudisha nyuma kwa walio safuni. Kwa kuwa ukuta huo uko hatua chache tu mbele ya uso wake, marejeo hufika mapema na kuongeza nguvu. Katika misikiti mikubwa iliongezwa njia ya pili: mtu husimama katikati na kurudia takbiri za imamu kwa sauti kubwa, ili safu za nyuma zifuate. Pale ukuta uliposhindwa, kinywa cha pili kilisaidia.

Wasanifu nao walijaribu kuyatuliza makuba. Sinan, aliyejenga msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul kati ya 1550 na 1557, aliweka ndani ya kuba vyungu vya udongo ambavyo midomo yake imefunguka kuelekea chini. Katika pwani ya Waswahili tatizo hilo halikuwa kubwa kiasi hicho. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Misikiti mingi ya kale ya pwani ni midogo. Dari zake bapa za mawe ya matumbawe ziliwekwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliweka mpaka wa upana wa chumba, pengine mita 3 au chini yake kati ya ukuta na nguzo. Dari ikawa chini na kuta zikawa karibu. Hesabu ya sehemu ya ishirini ya sekunde inaonyesha kwamba chumba cha namna hiyo humsaidia msemaji. Mti wa mkoko, kwa ufupi wake, ulilinda neno.

Bara la Kongo linatoa mfano wa kurudia ulio kamili zaidi, na huu hauna ukuta hata mmoja. Walokele, wanaoishi kando ya mto Kongo chini ya Kisangani, walipeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, ambalo kingo zake mbili hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Yakusu mwaka 1938, aliichunguza na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma haisemi kwa ishara za kubuni. Huiga toni za lugha yenyewe. Lakini irabu na konsonanti zote zimetoweka, na maneno mengi yana toni sawa: jina la mwezi na jina la kuku, kwa mfano, hayatofautiani ngomani. Kwa hiyo mpigaji hatumii jina peke yake, bali fungu refu la maneno lililozoeleka, ambalo toni zake haziwezi kuchanganywa na za fungu jingine.

Hapo yaonekana kwamba mpiga ngoma, mrudiaji wa takbiri na upatanisho wa kisarufi wa lugha za Kibantu, ingawa havina asili moja, vinafanya kazi inayofanana. Njia ikipoteza sehemu ya habari, habari husemwa kwa wingi kuliko inavyohitajika.

5. Mbao na vipimo: kubadili ukuta

Jibu la tatu ni kulibadili jengo lenyewe. Leipzig iliingia katika Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1539. Ibada sasa ilikuwa kwa lugha ya wenyeji, na mahubiri yakawa kiini chake. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Thomas ziliongezwa roshani na samani nyingi za mbao, na mbao nyembamba hufyonza sauti, hasa zile nene. Mvumo ukafupika. Johann Sebastian Bach alipokuwa mwongozaji wa muziki hapo, kuanzia 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, aliweza kuandika sauti zinazokwenda mbio na kufuatana kwa karibu bila kuzama. Mtaalamu Mwingereza Hope Bagenal alitetea hoja kwamba bila mbao hizo muziki wa Bach usingeandikwa jinsi ulivyoandikwa. Hata kama hoja hiyo itapunguzwa makali, jambo kuu linabaki: watu walipotaka kuelewa maneno kwa lugha yao, ilibidi kuta zivalishwe.

Mpaka hapo ujuzi ulikuwa wa mazoea. Kipimo kilipatikana Marekani. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilifungua jumba la sanaa la Fogg, na ukumbi wake wa mihadhara ukawa haufai kwa mihadhara. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, aliombwa kuutibu. Alipima kwamba sauti ilibaki kusikika kwa sekunde 5.5. Kwa kasi ya silabi 5 kwa sekunde, zaidi ya silabi 25 zilikuwa zikivuma pamoja wakati profesa anaendelea kusema. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, akitumia filimbi ya kinanda, saa ya kupimia na sikio lake. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaiingiza michache michache, na kupima kila mara mvumo ulivyopungua. Mwaka 1898 alipata kanuni: muda wa mvumo huongezeka kadiri ujazo wa chumba unavyoongezeka, na hupungua kadiri vitu vinavyofyonza sauti vinavyozidi. Alipima pia mwili wa binadamu, akakuta kwamba wasikilizaji wenyewe, pamoja na nguo zao, ni miongoni mwa vifyonzaji vikubwa. Ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, ulikuwa wa kwanza kujengwa kwa kufuata kanuni hiyo, na hadi leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki.

Kanuni hata hivyo haikumaliza mjadala. Philharmonic Hall ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1962 baada ya utafiti mwingi, ililalamikiwa tangu mwanzo. Ilibomolewa ndani mwaka 1976 na kujengwa upya tena hadi 2022. Aidha muziki na usemi havitaki chumba kimoja. Okestra hupenda mvumo wa sekunde 2 hivi, ilhali mhadhara hutaka sekunde 1 au chini yake.

6. Brussels na Kamina, 1958

Umeme ulileta madai mapya: kwamba sauti inaweza kuachana kabisa na mahali pake. Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya mwaka 1958 yaliyaweka madai hayo wazi. Kampuni ya Philips ilijengewa banda na ofisi ya Le Corbusier, na mchoro wake ulifanywa hasa na Iannis Xenakis, mhandisi aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Kuta zake zilizopinda zilifuata jiometri ile ile aliyokwisha kuitumia katika muziki wa nyuzi wa Metastaseis. Ndani yake mamia ya vipaza sauti yalizungusha ukutani kazi ya Edgard Varèse ya dakika 8. Mwaka uliofuata banda lilibomolewa.

Kwenye maonyesho hayo hayo iliimba kwaya iliyotoka Katanga: Les Troubadours du Roi Baudouin, vijana na walimu wa Kamina chini ya Padre Guido Haazen, pamoja na Missa Luba yao. Maneno yalikuwa Kilatini cha misa. Ila mwendo, ngoma, na mpango wa mmoja kuanza na wengi kuitikia vilikuwa vya Kongo. Muziki huo haukutegemea mvumo wa kuba ili ujae. Ulijazwa na waitikiaji. Santuri yake ilitolewa kwa chapa ya Philips, ikafika katika vyumba ambavyo waimbaji hawakupata kuviona.

Miaka 5 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati iliyoruhusu lugha za wenyeji katika liturjia, na katika miaka iliyofuata ikawa desturi padre kuwaelekea waumini. Makanisa ya misheni ya Kongo, marefu na ya matofali, yalikuwa yamefuata mifano ya Ulaya iliyozoea Kilatini cha kuimbwa. Sasa yalitakiwa kupokea Kiswahili, Kiluba, Kilingala na Kikongo cha kueleweka neno kwa neno. Mabadiliko yaliyohitaji roshani za mbao huko Leipzig yalifanywa hapa, mara nyingi, kwa kipaza sauti peke yake.

7. Hitimisho

Historia hii imeonyesha majibu matatu kwa mvumo: kurefusha irabu, kurudia habari, na kuibadili kuta. Kipaza sauti kinaonekana kuwa jibu la nne, lakini sivyo kabisa. Kinaongeza nguvu ya neno na nguvu ya mvumo wake kwa pamoja. Katika chumba kisichofyonza sauti, konsonanti iliyofunikwa hubaki imefunikwa, ila kwa kelele zaidi.

Jambo hili lina uzito chuoni. Ukumbi wa saruji na vioo, wenye dari ndefu na sakafu tupu, hugawa wanafunzi katika makundi mawili: wa mbele wanaopata viambishi, na wa nyuma wanaopata irabu na kunakili daftari za wenzao. Tofauti inayotokea katika mtihani huhesabiwa kuwa ya akili, kumbe sehemu yake ni ya ukuta. Mapazia mazito, mbao nyembamba zilizotenganishwa kidogo na ukuta, na mihadhara ya watu wachache kuhamishiwa vyumba vidogo, ni hatua zisizohitaji fedha nyingi.

Wanaisimu wana sehemu yao katika kazi hiyo. Jozi za maneno zinazotofautishwa na sauti moja, kama lipa na lipwa, nitakuja na sitakuja, zinaweza kusomwa mbele ya ukumbi huku wasikilizaji wa kila safu wakiandika walichosikia. Idadi ya makosa ya kila safu itaonyesha ni sehemu gani ya Kiswahili ambayo jengo hilo halijaipokea, na safu ipi inayostahili kuvalishwa ukuta kwanza.